Kifaa gani kizuri cha kupima chumvi kwenye tangi la maji ya bahari? Changu kinaruka namba

Mbezi_Pwani

Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la lita 200 la maji ya bahari hapa Mbezi Beach, Dar. Ndani kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale wanaojificha kwenye anemoni, kamba msafishaji mmoja mwenye sharubu nyeupe, na mawe yenye matumbawe laini. Maji ananiletea mvuvi kwa madumu.

Chumvi napima kwa kile kiboksi cha plastiki chenye mshale unaopanda. Maji yale yale nikichota mara ya kwanza kinasoma 1.026 (yaani uzito wake ukilinganishwa na maji matupu), nikimwaga na kuchota tena kinasoma 1.022. Tangu masika yaanze, kamba amejichimbia kwenye pango lake na hatoki hata nikiweka chakula, na matumbawe yamesinyaa. Huenda ni chumvi, huenda ni kitu kingine, na kwa kifaa hiki siwezi kujua.

Nataka kitu cha kueleweka, bajeti isizidi laki moja. Nimeonyeshwa rifraktomita (kijidarubini kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga), kalamu ya TDS (inayopima kwa umeme vitu vilivyoyeyuka majini) na haidromita ndefu ya kioo inayoelea. Halafu jirani yangu anafuga ng'ombe na ana laktomita, kile kielea cha kupimia kama maziwa yametiwa maji. Je, inaweza kunisaidia wakati nasubiri?

Kijana_Sinza

Chukua kalamu ya TDS mkuu. Unachovya tu, namba inakuja. Mimi naitumia kwa maji ya kunywa nyumbani, haijawahi kunisumbua.

Fundi_Raskazone

Kijana_Sinza, kwa maji ya kunywa uko sawa kabisa. Kwa bahari haifai. Kalamu nyingi za aina hiyo zinaishia chini ya sehemu 10,000 kwa milioni, wakati maji ya bahari yako kwenye 35,000. Zipo mita za umeme zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari na ni nzuri sana, ila nyingi zinavuka bajeti ya mwenzetu.

Mbezi_Pwani, mimi nahudumia matangi ya maji ya bahari huku Tanga, na hicho kiboksi nakutana nacho kila mara. Ukichota kwa haraka, vipovu vya hewa vinang'ang'ania kwenye mshale na kuunyanyua, unasoma juu. Chumvi ikikaukia juu yake, mshale unakuwa mzito, unasoma chini. Ukikisuuza kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila ukimaliza na kukigonga kidogo kabla ya kusoma, kinatulia kiasi. Kwa mtu mwenye matumbawe bado sikishauri.

Nunua rifraktomita. Uliza iliyochorwa kwa ajili ya maji ya bahari. Nyingi za bei nafuu zimechorwa kwa chumvi ya mezani, kwa hiyo maji ya bahari yenye chumvi gramu 35 kwa kilo (yaani sehemu 35 kwa elfu) zitakuonyesha kama 36.5. Hilo lisikutishe, linarekebishika, na hapa ndipo naomba unisikilize kuliko kwingine kote.

Watu wananunua kifaa, wanadondoshea maji ya betri (yaliyoondolewa madini), wanazungusha skrubu hadi isome sifuri, basi. Sifuri iko mbali sana na 35! Kifaa kinaweza kuwa sahihi kabisa kwenye sifuri kikakosea sehemu mbili tatu pale unapokihitaji. Kiseti kwenye 35 kwa maji ya rejea, yaani yenye chumvi inayojulikana kamili. Yanauzwa kwenye vichupa, na ukiyakosa unatengeneza mwenyewe: gramu 36.5 za chumvi laini ya mezani iliyo kavu, ndani ya gramu 963.5 za maji ya betri. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Vyote viwili vipime kwa mizani, usikadirie kwa kijiko. Mizani ya jikoni inayoruka gramu tano tano haitoshi, mwombe sonara akupimie hiyo chumvi. Na dukani hakikisha umepewa maji ya betri, si asidi ya betri. Soma lebo kabla ya kulipa.

Namna ya kusoma: weka matone mawili matatu juu ya kioo, funika bila kuacha kipovu, subiri karibu dakika moja ili joto la maji na la kifaa lilingane, kisha elekeza kwenye mwanga. Utaona bluu juu na nyeupe chini. Soma pale zinapokutana. Nyingi zinajirekebisha zenyewe hadi joto la nyuzi 30, na Dar mchana mara nyingi inapita hapo, kwa hiyo usiiache karibu na dirisha. Iseti na kupimia mahali pamoja.

Haidromita ya kioo si mbaya, ila angalia imeandikwa joto gani. Zipo zilizosetiwa kwa nyuzi 15.6. Ukiitumbukiza hiyo kwenye maji ya nyuzi 28 yenye chumvi kamili ya 35, itasoma karibu 1.023, kana kwamba chumvi imepungua, nawe utaongeza chumvi isiyohitajika.

Laktomita iazime leo hii. Namba yake usiiamini kama kipimo cha chumvi, lakini kulinganisha maji mawili yenye joto moja inaweza. Pima maji ya tangi, halafu pima dumu jipya. Kila mstari mmoja ni kama sehemu 1.3 za chumvi kwa elfu.

Bi_Nyali

Nawasalimu kutoka Mombasa. Fundi amesema kweli yote, nami nataka kuongeza la mvua. Ndugu yangu, maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo yakiingia baharini yanaelea juu kwanza. Mvuvi akichota juu juu karibu na mdomo wa mto wakati wa masika, anakuletea maji yaliyopoa chumvi hata kama kwa macho ni safi. Mwambie achote nje kabisa, maji yakiwa yamejaa, na mtungi auzamishe chini kabla ya kuufungua. Kila mtungi upimwe kabla haujaingia tangini.

Na yale yanayopungua kwa joto unafidia kwa maji gani? Yanayoruka hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Lita kumi zikipungua kwenye lita 200, 35 yako inakaribia 37. Fidia kwa maji baridi yaliyochujwa, usifidie kwa maji ya bahari.

Mbezi_Pwani

Shukrani sana Bi_Nyali. Nafidia kwa maji yaliyochujwa, hapo niko salama. Fundi, laktomita nimeazima. Madumu niliyaacha ndani hadi joto likalingana na la tangi. Tangi limesimama kwenye 21, dumu la jana 17. Rifraktomita nimeagiza, inafika Jumamosi. Kwa sasa nifanyeje? Nimwage chumvi kidogo kwenye hayo madumu?

Fundi_Raskazone

Mistari minne ni zaidi ya sehemu tano kwa elfu. Hilo dumu lisiingie tangini hata kikombe. Bi_Nyali amelenga penyewe: mvuvi anachota maji ya juu yaliyochanganyika na ya mto. Na kamba kujificha kunaendana na hilo. Samaki ana figo na mashavu ya kumsaidia kurekebisha chumvi mwilini, lakini kamba na matumbawe hawavumilii sana mabadiliko ya chumvi, kwa hiyo hao ndio wanaoumia kwanza.

Chumvi ya mezani niliyokutajia ni ya kusetia kifaa tu. Usiimwage tangini wala kwenye madumu, hata ile ya mawe ya Bagamoyo usiweke. Karibu yote ni kloridi ya sodiamu, haina kalisi na magnesi ya kutosha kwa matumbawe. Tafuta chumvi maalumu ya matangi, au subiri mvuvi alete maji ya mbali.

Mpaka Jumamosi usibadilishe maji, fidia tu yanayopungua. Rifraktomita ikifika, iseti, kisha pima tangi. Ukikuta 31, kwa mfano, usilipandishe siku moja. Sehemu moja kwa siku inatosha, na kila siku mwangalie kamba kabla hujaongeza. Tuletee namba hapa tuone tunaanzia wapi.