Ushauri: system ya boksi moja au amplifaya na spika mbalimbali? Nataka kuskiliza taarab nyumbani

binti_michenzani
Assalaam alaykum jamani. Naomba ushauri kwa wenye kujua mambo ya mziki wa nyumbani, nshazunguka Darajani na Mlandege na kila duka naambiwa lake. Mie nakaa flati Michenzani hapa Unguja, ukumbi wangu kama mita nne kwa tatu na nusu hivi, chini zege juu zege na majirani kila upande. Nataka kitu cha kuskilizia, si cha kupigia harusi. Baba kaniachia kanda nyingi za taarab, nyengine karikodi mwenyewe redioni zamani, na bado zinapiga alhamdulillah, nataka fidla niisikie, ganuni niisikie, sauti ya mwimbaji isimezwe na besi. Mengine yamo kwenye simu, Qur'an asubuhi na nyimbo jioni.

Sasa kuna system mpya za boksi moja, redio imo, CD, flashi, blutuu na spika zake mbili, unachomeka ukutani umemaliza. Na kuna amplifaya used za Japani, spika unachagua mwenyewe na deki ya kaseti unanunua peke yake. Bajeti laki nane, naweza kuongeza kidogo kidogo baadae. Mume wangu anataka ya boksi, anasema waya zikiwa nyingi watoto watazivuta. Anaejibu anambie na sababu yake tafadhali.

baraza_kikwajuni
Wa alaykum salaam dada. Mie niko na mumeo. Boksi moja aliyeitengeneza kaipima ampu na spika zake pamoja, huna haja ya kujua om (kipimo cha ukinzani wa spika) wala nini, rimoti moja, ya dukani mpya ina garantii na ni ya umeme wetu. Nyumba yenye watoto wadogo hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Kwa Qur'an na habari na nyimbo za simu inatosha kabisa.

Ila usinunue kwa maandishi ya kwenye katoni. Wataandika wati elfu tano PMPO, hiyo PMPO haina maana yoyote kwa anaeskiliza, uliza RMS, yaani wati inazotoa kweli mfululizo. Wakishindwa kukwambia geuza nyuma usome inakula wati ngapi za umeme, kama inakula 60 haiwezi kukaa inatoa 500, hizo nyengine itazipata wapi?

fundi_solda
Naandika ninayoyaona mezani kwangu. Boksi moja likiletwa mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo, jicho la CD limechoka au kitufe cha sauti kinaruka, lakini kila kitu kimo kwenye bodi moja na jicho la modeli ile halipatikani tena, basi mtu anabeba system nzima anakwenda kuitia stoo. Ampu ya ndani nzima, spika nzima, na hazimfai kitu kwa sababu spika zenyewe zina plagi yao ya peke yake na nyingi ni om 3 au 4, huwezi kuzifunga kwenye ampu yoyote tu, ile iliyoandikwa om 8 ukiipa spika za om 3 inachemka mpaka inakata. Vitu mbalimbali havina dhiki hiyo. Deki ikifa unatafuta deki, ampu inaendelea na kazi. Na ampu za zamani ukizifungua kuna nafasi, transista unaiona kwa macho, naibadilisha kwa solda ya kawaida mteja akiwa kakaa anansubiri.

LAKINI dadangu kabla hujatoa pesa soma kibao cha nyuma. Ya soko la Japani imeandikwa 100V na sisi ukutani ni 230V, ukiichomeka hivyo hivyo imekwisha, na nimeshaletewa nyingi za namna hiyo zinanuka moshi. Utahitaji transfoma ya kushusha, na iwe kubwa kuliko wati za kwenye kibao, ampu ya 150 usiipe transfoma ya 100 kwa sababu muuzaji kakwambia itavumilia. Ziko ampu zenye swichi ya volti nyuma, zilitengenezwa kwa kuuzwa nje, ukikutana nayo yenye 220 au 240 na inapiga, ing'ang'anie. Redio ya Japani usiinunue kabisa hata kwa bei ya kutupa, FM yao ya zamani ni kuanzia 76 mpaka 90, hizi za karibuni zinafika 95, na sisi masafa yetu yanakwenda mpaka 108, stesheni za juu zote hutozipata.

Jengine ni hewa yetu ya chumvi. Matundu ya waya wa nyuma yanashika kutu, ukiona sauti ya upande mmoja inakuja na kupotea usikimbilie kusema ampu mbovu, zima, chomoa umeme, futa plagi kwa spiriti na pamba. Na umeme ukikatika chomoa vyote, chomeka ukishatulia.

kodiani
Nakubaliana na fundi lakini mie nataka kusema la masikio, maana napiga kodiani kwenye taarab na nnajua ala zinasikikaje mtu akikaa katikati yao. Taarab yetu ya asili, hii iliyolelewa na kikundi cha Ikhwan Safaa tangu 1905, nguvu yake imo kwenye nyuzi. Fidla zinajibizana na kodiani, ganuni inapita juu yao, besi la kusimama linatembea chini taratibu bila kugonga. Hizi system mpya nyingi nilizoziskiliza zimepangwa kwa mziki wa kugonga, hata ukizima kitufe cha besi bado kifua kinajaa na ganuni inakuwa mbali kama inapigwa nyumba ya pili. Nnaumia nikisikia mtu anasema kanda za zamani ni mbovu kumbe hajawahi kuzisikia kwenye spika ya maana.

Kwa hiyo pesa nyingi weka kwenye spika, nusu ya bajeti au zaidi. Kwa ukumbi wako spika mbili za inchi 6 za kabati la mbao zinatosha, sabufa usiguse, besi inapita kwenye zege na ukigombana na jirani wa chini haki itakuwa yake. Ukiwa dukani vua kitambaa cha mbele uitizame ile pete inayozunguka koni. Za sponji kwa joto na unyevu wetu zinamung'unyika kama mkate mkavu, ukigusa inabaki kidoleni, hiyo iache. Tafuta za mpira. Halafu sukuma koni kwa vidole polepole pande zote mbili sawa, ikikwaruza koili ishaharibika.

Nyumbani usizibandike ukutani, ziache mbali kidogo, zile spika ndogo za juu ziwe usawa wa masikio yako ukikaa, na kutoka spika hadi spika kuwe sawa na kutoka spika hadi kwako. Zege linarejesha sauti, weka zulia zito na mapazia, utaona tofauti siku hiyohiyo.

mpwani_wete
Salaam kutoka Wete, Pemba. Nimefatilia kwa makini maana na mie nna jambo, bibi kaacha santuri, zile nzito za kuvunjika, za 78, yaani zinazunguka mara 78 kwa dakika. Natafuta pleya yake, kuna mtu ananiuzia ya Japani kwa bei nzuri. Na vitu vyenyewe inabidi nivipeleke na boti, spika zitafika salama?

fundi_solda
@mpwani_wete hapo kuna mambo, usikimbilie. Kwanza hakikisha ina spidi ya 78, nyingi ni 33 na 45 tu. Pili sindano, mfereji wa 78 ni mpana zaidi, sindano ya kawaida inaingia mpaka chini inakwaruza na kuvuma, iko sindano yake maalumu. Tatu mota. Japani mashariki wanatumia umeme wa hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) kama sisi na magharibi hezi 60, pleya yenye mota inayofata hezi ikiwa imepangwa kwa 60 ukija kuiwasha hapa inazunguka polepole na mwimbaji anakuwa mzito wa sauti, transfoma haitibu hilo. Santuri za namna hiyo ndo alizorikodi Siti binti Saad kule Bombay 1928, kama bibi anazo za zama zile usizijaribu kwenye pleya ya kubahatisha hata mara moja.

binti_michenzani
Mashallah nimefaidika sana. Mume wangu kasoma mpaka la majirani, kakubali vitu mbalimbali ila sharti waya zote zipite nyuma ya kabati na zifungwe. Sasa nikinunua spika na ampu na transfoma, deki itasubiri mwezi ujao, au nipunguze kwenye spika nipate deki sasa hivi? Kanda ndo hasa nilizozitaka.

kodiani
Subiri deki, spika usizipunguze. Kwa sasa chukua waya wa simu kwenda kwenye ampu, ile yenye plagi nyekundu na nyeupe, utaanza kuskiliza siku hiyohiyo. Kanda za baba usizipige kwenye kideki chochote cha kuazima, mpira wake ukiwa umelegea unatafuna kanda. Ukipata deki safisha hedi kwa spiriti, na Dolby, ile swichi ya kupunguza mvumo wa kanda, izime kwanza, kanda iliyorikodiwa bila Dolby ukiiwasha inakula sauti zote za juu, yaani ganuni yako hiyohiyo. Halafu deki iunganishe na kompyuta uzihifadhi zote kwa WAV, faili lisilobanwa sauti, kabla ukungu haujaziingia, MP3 utatoa baadae humo humo.

baraza_kikwajuni
Kwa la ukungu na la deki kodiani kasema kweli, hapo sina ubishi. Kwa mtu mwenye kanda za baba yake hata mie ningekwenda njia hii. Asie na kanda bado nasema achukue boksi.

fundi_solda
Deki ya 100V inakula umeme mdogo, itakaa transfoma moja na ampu ukijumlisha wati zao ukaacha nafasi, kwa hiyo transfoma nunua kubwa tangu mwanzo. Mota ya deki nyingi haifati hezi, hapo usiwe na wasiwasi. Siku ya kununua nenda na simu yenye taarab unayoijua vizuri, spika ziskilize kwa sauti ya chini, kwa sauti kubwa kila spika dukani inaonekana nzuri.

@mpwani_wete za boti zisimamishe wima, koni zikingwe na kadibodi ngumu, na mwambie mpakizi zisiwekwe chini ya magunia.

mpwani_wete
Ahsante fundi. Ile pleya nimeiuliza, ni 33 na 45, nimeiacha.