Medali za loji, aproni, panga au tepe? Naomba ulinganisho, ndiyo naanza kukusanya na nipo Mbeya

Mwana wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita pale Mwanjelwa dada mmoja wa mitumba alifungua belo la mapazia, katikati akakuta kola pana ya mahameli nyekundu, imetariziwa kwa nyuzi za rangi ya fedha. Mbele ina pete tatu zilizoshikana kama mnyororo, na ndani ya pete kuna herufi F, L na T. Alikuwa tayari na mkasi mkononi aikate foronya. Nikamwomba aniuzie, akanipa kwa elfu tano.

Mama alipoiona akaniambia niitoe nyumbani kabla jua halijazama. Namwelewa. Kila nguzo ya umeme hapa mjini imewahi kubandikwa karatasi ya matapeli wa "jiunge na Frimasoni utajirike", kwa hiyo watu wakiona alama wasiyoijua wanaogopa. Nikakaa chini nikasoma. Kumbe hiyo ni kola ya Odd Fellows, chama cha kusaidiana ambacho matawi yake huitwa loji, na wala si Frimasoni. Tawi lao la Marekani lilianzishwa na Thomas Wildey mjini Baltimore tarehe 26 Aprili 1819. Herufi zile ni Urafiki, Upendo na Ukweli kwa Kiingereza. Wajibu waliojiwekea ni mambo manne: kutembelea wagonjwa, kusaidia wenye dhiki, kuzika wafu na kusomesha yatima.

Nilimsomea mama hayo manne. Yeye ndiye mtunza hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe na wao walikuwa wanazikana?" Kola ikabaki.

Sasa nataka kuendelea, ila kwa mpango. Nina kama laki moja kila baada ya miezi miwili, na humo humo itoke nauli ya posta. Kati ya medali, aproni, panga za maandamano na tepe za kifuani, mngeanza na kipi, na kwa nini? Sitafuti kujiunga na chochote. Atakayeniletea namba za simu za "utajiri" nitamripoti.

Mzee wa Gangilonga

Kamwene, kijana. Mimi nakushauri medali, na sababu yangu ni moja: madini ya fedha ya Uingereza yanajieleza yenyewe. Geuza medali, tafuta alama ndogo zilizogongwa nyuma. Simba anayetembea maana yake ni madini ya fedha halisi, sehemu 925 kwa 1000. Nanga maana yake ilipimwa Birmingham, kichwa cha chui ni London. Halafu kuna herufi ya mwaka. Ukiwa na jedwali la herufi hizo unajua ilipimwa mwaka gani bila kumtegemea muuzaji, ambaye mara nyingi hajui anachouza.

Kwa bajeti yako anza na zile walizopewa wachangishaji wa shule za Frimasoni. Taasisi ya wasichana ilianza 1788, ya wavulana 1798, na wachangishaji walikuwa wakipata medali yenye mwaka wake kwenye kipande cha juu. Zilitengenezwa nyingi, kwa hiyo bei haijapanda sana. Yangu ya kwanza nililipa pauni 14.

Lakini nikuambie ninayoipenda kuliko zote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Frimasoni wa Uingereza walichanga kujenga jumba la kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Ndilo lile jumba lao la Great Queen Street, London, lililojengwa kati ya 1927 na 1933. Mwanachama aliyetoa gini kumi (gini ni pauni moja na shilingi moja) au zaidi alipewa medali ya fedha yenye umbo la msalaba. Upande mmoja imeandikwa 1914, upande wa pili 1918, na katikati kuna sura yenye mabawa, ndiyo Amani, imeshika hekalu. Inaitwa Hall Stone Jewel. Nyuma yake mara nyingi huchorwa jina la mwenyewe na namba ya loji yake.

Yangu ina jina la mtu na namba. Nikiishika nakumbuka makaburi ya vita hiyo hiyo yaliyopo hapa mjini kwetu Iringa. Huyo bwana alitoa gini kumi kwa ajili ya wafu wa vita iliyotufikia hadi sisi, ikachukua wapagazi wetu na chakula chetu. Ndiyo maana kwangu haijawa kipande cha madini tu.

Angalizo kuhusu namba: loji za Uingereza zilibadilishiwa namba zaidi ya mara moja, mara ya mwisho 1863. Ukipata kitu cha kabla ya hapo, usiichukue namba yake ukaitafuta kwenye orodha ya leo, utaangukia loji ya watu wengine.

Bibi wa Majoho

Mwanangu wa Uyole, nipo Tukuyu, nimeshona majoho ya kanisa miaka 22. Kabla ya ulinganisho, sikia la kola yako: USIIFUE. Usiisugue na dawa ya chuma. Nyuzi zile mara nyingi ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye uzi wa pamba, ukisugua unauchubua na uzi unabaki uchi. Ilaze bapa, usiikunje, mahameli ikikunjwa inabaki na kovu.

Aproni nazipenda mno, ila si za kuanzia. Uzuri wake ni kwamba za Kiingereza zinasomeka kama cheti. Nyeupe tupu ya ngozi ya mwanakondoo ni ya mwanafunzi wa daraja la kwanza. Maua mawili ya utepe, daraja la pili. Matatu, pamoja na ukingo wa rangi ya samawati na vishada viwili vyenye minyororo saba kila kimoja, ni fundi kamili. Ukiona badala ya maua kuna vyuma vyenye umbo la T iliyopinduliwa, mwenye aproni alishawahi kukalia kiti cha mkuu wa loji. Za Uskochi ni habari nyingine, kule kila loji hujichagulia rangi zake na kifuniko cha juu mara nyingi ni cha mviringo. Kwa macho yangu ndizo nzuri zaidi, lakini kuzitambua ni kazi.

Shida ni kuzitunza kwa hali yetu. Huku Tukuyu mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka. Ngozi ikikaa sandukuni miezi mitatu bila hewa, unaikuta na ukungu wa kijani. Na hariri za mwishoni mwa karne ya 19 nyingi ziliongezwa uzito kwa chumvi za bati kiwandani, sasa zinapasuka zenyewe kwa mistari hata kama hujazigusa. Hakuna fundi wa kuzirudisha. Nililia siku niliyofungua boksi nikakuta bitana ya aproni imekuwa vumbi.

Mbeya mjini mna nafuu, lakini hata hapo usiweke kwenye nailoni. Tafuta kitambaa cha marekani, kifue mpaka wanga wote utoke, funga nacho. Tembe za kuzuia nondo zisiguse uzi wa chuma.

Boda Tunduma

Panga nimewahi kukusanya, nimeacha. Niseme haki yake kwanza: panga za maandamano za Marekani ni kazi nzuri sana. Ames wa Chicopee, Massachusetts, M. C. Lilley wa Columbus, Ohio, Pettibone wa Cincinnati. Wanachama wa Knights of Pythias, kile chama kilichoanza Washington mwaka 1864, na wa Knights Templar, tawi la Frimasoni, waliagiza upanga wenye jina la mtu mwenyewe limechorwa kwenye bamba. Unamjua kabisa aliyeushika.

Ila kwa mtu wa Mbeya: ni mzito, nauli inazidi bei, na ukifika forodhani unaanza kueleza kwa nini umeagiza silaha. Mimi nilieleza kwa siku tisa. Na uangalie mpini na nyundo za mkuu wa loji, nyingine ni za pembe za ndovu. Hizo usiagize, usinunue, usipokee hata zawadi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitajali kwamba tembo aliuawa zamani.

Jambo la pili, feki. Sialkot, Pakistan, wanatengeneza mavazi ya loji mapya kwa mkono, mazuri na ya halali, lakini kuna wauzaji wanaoyachafua kwa chai wayaite ya kale. Tumia ile tochi ya mwanga wa zambarau tunayokagulia noti hapa mpakani. Uzi au kitambaa kikiwaka weupe wa samawati, kina kemikali za kung'arisha ambazo kabla ya Vita Kuu ya Pili hazikuwa zikitumika kwenye nguo. Kisipowaka bado si uthibitisho, lakini kikiwaka na muuzaji anasema 1890, funga mazungumzo.

Nyasa Kaskazini

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote na kuna kitu kinaniuma. Tunaongea London na Ohio, na vya kwetu vinaoza.

Beni, ile ngoma ya gwaride ya zamani, ilikuwa nini kama si loji? Ilianza pwani miaka ya 1890, ikapanda bara na askari na makarani. Vyama vyake viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, walikuwa na matawi miji mingi ya Tanganyika, na vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Walikuwa na sare, mishipi ya begani, filimbi, na daftari la michango. Mwanachama akiugua walimwona, akifa walimzika. Huku ziwani mganda na malipenga ni ndugu wa mambo hayo hayo, tarumbeta za vibuyu, kaptula nyeupe zilizopigwa pasi, mstari mmoja kama gwaride.

Babu yangu alikuwa na cheo cha daktari kwenye mganda. Alipofariki, mshipi wake ulifungiwa mzigo wa kuni na kibuyu kikawa cha maji ya kuku. Nilikuwa darasa la sita, sikujua. Leo ningetoa laki tano kuupata.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mwana wa Uyole: laki yako moja ingefika mbali zaidi hapa. Nenda Kyela, nenda ukanda wa ziwa, kaa na wazee, uliza.

Mzee wa Gangilonga

Marahaba. Umenigusa, ila napinga kidogo. Cha kwetu kikikosa maandishi, baada ya miaka kumi ni kibuyu tu. Medali yangu ina jina na mwaka. Kibuyu cha mganda nani atajua kilikuwa cha nani?

Nyasa Kaskazini

Ndiyo maana nasema aende na daftari, mzee wangu. Jina la mwenye kitu, kijiji, cheo, wimbo aliokuwa akipiga, na nani aliyemfundisha. Simu inarekodi sauti. Medali ina maneno mawili mgongoni, mzee aliye hai ana saa tatu za kusimulia.

Mzee wa Gangilonga

Hapo sina la kujibu. Umesema kweli.

Boda Tunduma

Naongeza la sheria kwa hivyo vya kwetu. Kununua ukatunza nchini, sawa, na umwachie mzee karatasi ya mauziano. Kuvitoa nje ya nchi kunaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na unahitaji kibali. Watalii wataku-DM baada ya kuweka picha, jiandae.

Binti Isimani

Mbona tepe hakuna aliyezitetea? Mimi nakusanya tepe tu, na kwa bajeti ya Mwana wa Uyole naona ndizo zinazomfaa. Ni utepe wa hariri unaoning'inia kifuani, juu una kishikizo cha chuma chenye alama ya chama, chini una nyuzi za dhahabu. Zinaingia kwenye bahasha. Nyingi zimeandikwa jina la loji, namba, mji na jimbo, na ukichungulia nyuma ya kishikizo mara nyingi kuna jina la mtengenezaji, kama Whitehead & Hoag wa Newark, New Jersey. Odd Fellows wa Marekani waliziagiza kwa wingi.

Na kuna jambo moja litakalompendeza mama yako. Nyingi zimeshonwa pande mbili. Mbele ni nyekundu, bluu au rangi yoyote ya chama, ya sikukuu na maandamano. Nyuma ni nyeusi, ina maandishi ya fedha ya kumkumbuka marehemu. Mwenzao akifa, waliugeuza utepe, wakaenda kuzika. Kesho yake wanaugeuza tena. Nina mmoja ambao upande mweusi umechakaa kuliko mwekundu.

Udhaifu wake ni ule ule wa Bibi, hariri hupasuka. Omba picha ya pande zote mbili dhidi ya dirisha, mpasuko utaonekana kwa mwanga.

Mwana wa Uyole

Ndaga fijo, nyote. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti nikimsomea mama.

Nimeamua hivi. Panga hapana. Aproni hapana, mpaka nipate kabati lenye hewa na Bibi anielekeze. Medali moja ya Hall Stone nitaiwekea akiba polepole, kwa sababu ya yale makaburi ya Iringa. Ya kuanzia ni tepe, nimeshaagiza moja ya Odd Fellows kutoka Pennsylvania, picha za dirishani zimeonyesha hariri nzima.

Na wiki ijayo nashuka Kyela. Mama ana shangazi yake kule aliyeolewa na mpiga malipenga, mume amefariki lakini shangazi bado yupo na kumbukumbu zake ni kali. Mama amesema tunakwenda wote, na daftari atashika yeye, maana mwandiko wangu haumridhishi. Ameomba pia picha ya ule upande mweusi wa utepe wa Binti Isimani, aipeleke kikundini Jumapili.

Bibi, swali moja: hicho kitambaa cha marekani nifue mara ngapi?

Bibi wa Majoho

Maji ya moto, bila sabuni ya unga yenye kung'arisha. Suuza mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia. Kwangu huwa mara nne. Kaushia kivulini, na mkirudi kutoka Kyela pitieni hapa Tukuyu mle chakula, niione hiyo kola.