Mjadala: Serikali isitie saini mkataba wa mishahara kabla Bunge halijatenga fedha zake

Wakenya wenzangu, naleta hoja hii tuijadili bila kuogopana. Je, si wakati sasa sheria iizuie serikali kutia saini mkataba wa pamoja wa mishahara, hii CBA tunayoisikia kila mgomo unapoanza, kabla Bunge halijaona gharama yake ya mwaka kwa mwaka na kuipitisha? Mimi nasema ndiyo. Na nasema la pili, ambalo Hazina ya Kitaifa haitalipenda: Bunge likishapitisha, fedha hizo zisikatwe kimyakimya hata kama makusanyo ya ushuru yamepungua.

Tazameni mtindo wetu. Mkataba wa madaktari ulitiwa saini Juni 2013. Ukakaa. Mnamo tarehe 5 Desemba 2016 wakagoma, na mgomo ule ukadumu siku 100. Viongozi wao walifungwa jela kwa kudharau mahakama, ilhali waliotia saini mkataba kisha wakaukana waliendelea na kazi zao. Mwenye uwezo alimpeleka mgonjwa wake hospitali ya kibinafsi. Asiye na uwezo alimrudisha nyumbani, na wengine walizika. Mwaka 2017 ukaandikwa mkataba mwingine, ambao ndani yake daktari mwanagenzi alipaswa kulipwa shilingi 206,000 kwa mwezi. Ilipofika 2024 serikali ikasema uwezo wake ni shilingi 70,000. Mgomo tena, siku 56.

Jambo hili si la serikali moja wala chama kimoja cha siasa. Walimu wakongwe wa chama cha walimu, KNUT, wanakumbuka 1997, mwaka wa uchaguzi, walipoahidiwa nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipopita, serikali ikasema haina pesa, na madai hayo yakaburutwa kwa miaka mingi. Aliyetia saini alijua kura zinakaribia. Kama hesabu ya awamu zote tano ingewekwa mbele ya wabunge kwanza, ingebidi mtu aulize palepale: hizi pesa zitatoka wapi?

Mfano ambao mimi naona unafundisha kuliko yote ni wa wahadhiri, 2025. Vyuo vikuu vya umma vilisimama siku 49 kwa sababu ya malimbikizo ya CBA ya 2017 hadi 2021. Wahadhiri walisema wanadai shilingi bilioni 7.9. Wizara ikasema kilichobaki ni shilingi milioni 624. Hiyo si tofauti ya kukosea kujumlisha! Suala likafika mbele ya Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa, na Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ikathibitisha kuwa ni bilioni 7.9. Mwishowe wakakubaliana zilipwe kwa mafungu mawili, la pili katika mwaka wa fedha uliofuata. Sasa nawaomba mfikirie: kiasi cha deni la mkataba uliokwisha muda mwaka 2021 kilikuwa bado kinabishaniwa mwaka 2025. Kama jedwali la malipo lingekuwa sehemu ya makadirio ya bajeti tangu siku ya kwanza, wanafunzi wasingepoteza zile wiki saba.

Kuna watakaosema fedha hazipo, basi. Nakubali kwamba hali ni ngumu. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na hicho ni kipimo cha maana, kwa sababu barabara, dawa na vitabu navyo vinahitaji pesa. Lakini kumbukeni 2024. Rais aliutupa Mswada wa Fedha tarehe 26 Juni baada ya maandamano, bajeti ikapunguzwa, na awamu ya pili ya nyongeza ya walimu ikawa miongoni mwa vilivyoguswa. Muhula wa tatu ulipokaribia na walimu wakatangaza mgomo, shilingi bilioni 13.3 zikapatikana. Nafurahi zilipatikana, maana zilikuwa haki yao. Ila kila chama cha wafanyakazi kilichokuwa kikitazama kilijifunza kwamba barua hazijibiwi, mgomo ndio unaojibiwa. Somo hilo tumelifundisha wenyewe, tena mara nyingi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kifungu cha 214 cha Katiba kinasema deni la taifa linatozwa moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali. Aliyetukopesha analipwa kwanza, kisha tunagawana kilichobaki. Hakuna anayemwambia mwenye hati ya dhamana kwamba mapato yamekuwa mabaya mwaka huu, asubiri awamu nyingine. Lakini muuguzi na mwalimu, ambao nao wana karatasi iliyotiwa saini na serikali hiyohiyo, wanaambiwa wavumilie. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na mahakama za kazi zikisajili CBA huwa inafunga pande zote mbili kisheria. Kwa nini basi katika bajeti deni la mfanyakazi liwe la mwisho? Na msiniambie sheria haina nafasi. Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia fedha ambazo Bunge bado halijaidhinisha, hadi asilimia 10 ya zilizoidhinishwa mwaka huo, kisha ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Mlango huo umetumika kwa mambo mengi ambayo hayakuwa na mkataba wowote.

Ninachopendekeza ni Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 irekebishwe. Kila CBA iletwe Bungeni na jedwali la gharama la miaka yake yote, likiwa limepitiwa na SRC na Hazina. Ikipita, kiasi cha kila mwaka kiingizwe kwenye makadirio yanayowasilishwa kabla ya mwisho wa Aprili. Atakayetaka kukipunguza kwa bajeti ya ziada alete hoja, na kura ipigwe kwa majina, ili mwalimu wa eneo bunge lako ajue ulisimama wapi.

Mtasema SRC inatosha. Haitoshi. Kifungu cha 230 kinaipa kazi ya kupanga mishahara ya maafisa wa serikali na kushauri kuhusu ya watumishi wengine wote wa umma. Inaweza kusema kiwango fulani kinabebeka, lakini haina uwezo wa kutenga hata shilingi moja.

Mtasema pia kwamba wabunge hawaaminiki katika habari za mishahara, na hapo sina budi kuwasikiliza. Mwaka 2019 walijipa marupurupu ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi bila SRC kukubali, hadi Mahakama Kuu ikayafuta mwaka uliofuata. Hata hivyo, wabunge haohao ndio wanaopitisha bajeti leo, na wanaipitisha bila kuulizwa mkataba wa nani umeachwa nje. Napendelea waulizwe hadharani.

Pingamizi ya wanachama wa vyama ni nzito zaidi. Kifungu cha 41 kinalinda haki ya majadiliano ya pamoja na haki ya kugoma, na wanahofia kwamba Bunge litakuwa mwajiri wa pili wa kujadiliana naye baada ya wa kwanza kuchoka. Naielewa hofu hiyo. Kwa hiyo Bunge lisipewe nafasi ya kubadilisha viwango. Likubali au likatae jedwali lote, kwa sababu zilizoandikwa, ndani ya muda uliowekwa. Vyama navyo vikubali kwamba nyongeza itajadiliwa mbele ya wananchi wanaoilipia, wengi wao wasio na mshahara wowote. Najua baadhi ya viongozi wa vyama wamezoea kutangaza asilimia kubwa jukwaani na kuacha hesabu kwa wengine. Hilo nalo lingekoma.

Pale ninapohitaji msaada wenu ni kwenye kaunti. Tangu ugatuzi wa 2013, madaktari na wauguzi wengi wameajiriwa na serikali za kaunti, na kila bunge la kaunti lina bajeti yake. Mkataba wa madaktari wa 2017 ulihusisha serikali kuu na magavana kwa pamoja, na tangu hapo kila upande umekuwa ukiuelekezea mwingine kidole. Je, jedwali la gharama lipitishwe na Seneti wakati wa kugawa mapato, au liende katika mabunge 47, kila moja na uamuzi wake? Mimi naegemea Seneti, ila nahofia tutawanyang'anya wawakilishi wadi kazi yao. Waliofanya kazi katika hospitali za kaunti, na wale wanaoandaa bajeti zake, ningependa kuwasikia kwanza.