Naomba ushauri: kutoa na kurudisha kayaki ya kuvulia penye mawimbi yanayovunjika ufuoni

MvuviWaKasarani (mwanzilishi wa uzi, Nairobi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mkazi wa Kasarani na nimezoea kuvua kwa kayaki katika Ziwa Naivasha na bwawa la Masinga, ambako ninachochunga zaidi ni viboko na upepo wa alasiri. Sasa shemeji yangu aliyehamia Malindi ametualika mwezi wa Agosti, watoto wakiwa likizoni, na anataka tukavue pamoja baharini, yeye kwa kayaki ya kukodi nami kwa yangu.

Kayaki yangu ni ya plastiki, ya kukalia juu, yenye urefu wa mita 3.6, usukani wa kukanyagia na vishikio vinne vya fimbo. Kupiga kafi masafa marefu hakunisumbui. Kinachonitia wasiwasi ni ule ukanda mfupi kati ya mchanga na maji makuu, mahali ambapo mawimbi huvunjika, kwa sababu ziwani hakuna kitu kama hicho na sijui hata nianzie wapi. Nitajuaje kwamba mawimbi ya siku hiyo yananifaa au hayanifai? Nikipinduka katikati yake nifanye nini? Na je, kutoka na kurudi kunafuata kanuni zile zile?

MwambaWaKilifi

Ndugu yangu, karibu Pwani. Niruhusu nijibu kwa urefu, kwa kuwa jambo hili linahusu uhai wako na wa shemejio.

Tuanze na mwezi wenyewe. Agosti ni Kusi. Upepo huo wa kusini-mashariki hushika kuanzia Aprili na huwa mkali zaidi kati ya Juni na Agosti, na mawimbi yanayokuja nao huwa yamesafiri mbali kabla ya kutufikia. Sehemu kubwa ya pwani yetu inakingwa na mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi hayo mbali na nchi kavu, na ndiyo sababu mtu wa Diani au Nyali anaweza kushusha chombo chake katika maji yaliyotulia. Ghuba ya Malindi haina kinga hiyo, kwa sababu matope yanayomwagwa na Mto Sabaki huyanyima matumbawe nafasi ya kustawi, na mawimbi huingia hadi mchangani. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajawahi kuvuka mawimbi asijifunzie hapo wakati wa Kusi. Mkiweza, ahirisheni hadi Februari au Machi, Kaskazi (upepo wa kaskazini-mashariki) inapoishia na bahari kulainika. Kama safari haiahirishiki, teremkeni hadi mkono wa bahari wa Kilifi, mvue ndani yake bila kuvuka wimbi lolote. Jueni pia kwamba ndani ya Hifadhi za Taifa za Baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, uvuvi hauruhusiwi kabisa, kwa hiyo waulizeni watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya mahali hapo mipaka iko wapi kabla ya kutia ndoana majini.

Siku ya kutoka ikifika, jambo la kwanza ni kusimama mchangani na kutazama kwa dakika 20 bila kugusa kayaki. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa machache yanafuatana, kisha panakuwa na utulivu, kisha kundi jingine. Mtu anayetazama kwa dakika 3 huweza kuuona utulivu tu akadhani ndiyo hali ya bahari. Tazama pia namna yanavyovunjika. Wimbi linalomwagika polepole kutoka kileleni, likitanda povu kwenye ufuo wenye mteremko mdogo, linavukika. Wimbi linalosimama kama ukuta na kuanguka lote kwa mkupuo ukingoni mwa mchanga wenye mteremko mkali litakuvunja shingo hata kama kimo chake kinakufika kifuani tu. Ukiliona hilo, rudisha kayaki kwenye gari.

Kimo cha maji nacho hubadilisha kila kitu. Wimbi la mita 1 huvunjika linapofika mahali penye kina cha mita 1.3 hivi, kwa hiyo mstari wa mavunjiko unahama maji yanapojaa na kupwa. Wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Ufuo uliouacha asubuhi ukiwa laini unaweza kuwa mwamba mtupu saa sita baadaye. Ndiyo sababu nasema usitoke kabla ya kujua utarudi saa ngapi na maji yatakuwa wapi saa hiyo.

Kuhusu kutoka kwenyewe: funga mifuniko yote, kagua kizibo, kisha laza fimbo na kila chenye ndoana ndani ya tumbo la kayaki. Usiache chochote kimesimama kwenye vishikio. Vaa jaketi la kuokolea likiwa limefungwa hadi juu. Ingia majini hadi magotini, omo (mbele ya kayaki) ikitazama mawimbi moja kwa moja, nawe simama ubavuni, usisimame mbele yake wala nyuma yake. Kundi kubwa likipita, panda upige kafi bila kusita. Wimbi likikukuta likiwa limeshavunjika, inama mbele, chomeka kafi ndani ya povu kando ya miguu yako na uvute. Ule mvuto ndio unaokupitisha. Wanaoanza huinua kafi kwa mikono miwili mbele ya uso kana kwamba wanajikinga, na hapo ndipo maji huurudisha mti wa kafi kwenye meno yao. Kosa jingine ni kuacha kupiga kafi pale wimbi linapokaribia, kwa kuwa chombo kisicho na mwendo hugeuzwa ubavu mara moja.

KafiNaMaji (Nairobi)

Naunga mkono, nami naongeza jambo moja kwa wenzangu wa bara. Kupanda tena juu ya kayaki iliyopinduka ni ustadi wa mwili, hausomeki. Tafuta bwawa la kuogelea hapa Nairobi ambalo mwenyewe atakuruhusu kuingiza kayaki iliyosafishwa, uvae nguo na jaketi utakalovaa baharini, kisha ujipindue kwa makusudi hadi uweze kuigeuza na kupanda ukiwa umechoka. Ukiweza, nenda Sagana ukajifunze na waalimu wa kayaki za mtoni. Maji ya mtoni hayafanani na ya bahari, lakini yatakufundisha kujiegemeza kwa kafi unaposukumwa na maji, nao mwili wako utaacha kuogopa kuzamishwa kichwa.

MvuviWaKasarani

Nawashukuru sana. Nimempigia shemeji na tumekubaliana kuanzia Kilifi. Hata hivyo, tungependa kujiandaa kwa ajili ya Februari, kwa hiyo naomba nielezwe zaidi kuhusu kurudi. Pia, nimesoma mahali kwamba kafi lifungwe kwenye kayaki kwa kamba ili lisipotee. Ni sahihi?

WaShela

Kwenye maji makuu, ndiyo, lifunge. Kabla ya kuingia katika mavunjiko, lifungue. Kamba iliyolegea katika povu hujisokota kwenye mguu au shingo, na kayaki ikikokotwa na wimbi itakukokota nawe. Kafi likipotea utalipata mchangani.

Kurudi ni kugumu kuliko kutoka, kwa sababu mbili. Unapotoka unayaona mawimbi yakikujia. Unaporudi yanakujia mgongoni. Tena kutoka baharini unaona migongo yake tu, na mgongo wa wimbi hudanganya: huonekana laini na mdogo hata pale upande wa ufuoni linapoanguka kwa kishindo. Kwa hiyo simama nje ya mavunjiko, geuza omo itazame bahari, upumzike na kutazama makundi kama ulivyofanya mchangani. Wakati huo huo laza fimbo na uinue usukani, maana usukani ulioachwa chini ukigonga mchanga huvunjika, au huishika tezi (nyuma ya kayaki) na kukugeuza.

Kundi la mwisho likipita, fuata mgongo wa wimbi la mwisho. Usilipande. Kaa nyuma yake, piga kafi kwa kasi yake, nalo litavunjika mbele yako na kukuachia njia. Jingine likikufikia kwa nyuma, piga kafi kinyumenyume ili likupite chini. Ukiliacha likubebe, omo itachimba chini, tezi itainuka, na kayaki itakupindukia.

Ukigeuzwa ubavu, na siku moja utageuzwa, egemea upande wa wimbi. Mwili utataka kuegemea ufuoni, mbali na maji yanayokuja, lakini ukiukubalia umepinduka. Laza uso wa kafi juu ya povu, weka uzito wako hapo, nalo litakusukuma kwa ubavu hadi mchangani ukiwa umekaa.

Na ukipinduka: usikae kamwe kati ya kayaki na nchi kavu. Baki upande wa bahari. Kayaki tupu yenyewe ni nzito, na tumbo lake likiingiza lita 100 za maji limeongezewa kilo 100, na wimbi likilirusha hilo miguuni pako katika maji ya magotini, mfupa hauhimili. Kama huwezi kuishika ukiwa upande salama, iachilie. Itafika ufuoni kabla yako.

MwambaWaKilifi

WaShela amemaliza. Nyongeza yangu ni kuhusu ninyi kuwa wawili: msirudi kwa pamoja. Mmoja aingie, aburute kayaki yake hadi mchanga mkavu, kisha asimame mahali anapoonekana na kumwongoza mwenzake, kwa kuwa yeye sasa anaziona nyuso za mawimbi. Kafi likiinuliwa wima, njoo. Likilazwa mlalo juu ya kichwa, ngoja. Filimbi isitegemewe, maana haisikiki penye ngurumo. Anayetangulia awe ndiye mwenye uzoefu mdogo, ili mwenye ujuzi abaki nje ya mavunjiko, aweze kumfuata akipinduka mapema. Kati yenu wawili, nadhani huyo ni shemeji.