Tupeane uzoefu: kuandaa tamthilia ya shule, bwalo ndilo ukumbi

Mlezi wa Maigizo
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walimu na walezi wa vikundi vya maigizo. Mazingira ni yale yale ya shule nyingi za bweni: bwalo la chakula, bati juu, soketi mbili ukutani, wiki nane mpaka siku ya wazazi, tamthilia ya saa moja yenye waigizaji kumi na wanne. Tuweke vipimo na hatua, ili mwalimu anayeanza kesho azitumie. Naomba tusianze na vipaji, maana watoto wenye vipaji wapo kila shule. Igizo huangushwa na mambo ambayo hayakufanyiwa mazoezi: kuingia, kutoka, kupokezana vifaa, kubadilisha mandhari.

Mwl. wa Fasihi
Naanza na ratiba. Wiki ya kwanza ni kusoma tu, mmekaa duara, saa ya simu inahesabu. Muda wa kusoma uongezee robo, kwa sababu ya kutembea, ukimya na vicheko vya hadhira. Mkisoma kwa dakika 60, jukwaani ni 75. Basi punguza sasa hivi, si wiki ya saba. Na kama unakata kazi ya mwandishi au unatoza kiingilio, mwandikie mchapishaji kwanza uombe ruhusa.

Wiki ya pili hadi ya nne ni mienendo, onesho moja moja. Kila mwigizaji awe na penseli, si kalamu ya wino, aandike pembeni mwa mswada: "naingia kushoto, nakaa kigodani." Kulia na kushoto ni kwa mwigizaji aliyeitazama hadhira. Lisiposemwa hilo siku ya kwanza, watagongana mpaka mwisho. Mwisho wa wiki ya tano miswada inawekwa chini. Siku hiyo igizo litavurugika kabisa, na mwalimu asishtuke: maneno na miguu bado havijashikana, vipe siku tatu nne. Wiki ya sita na ya saba mnacheza igizo zima bila kukatizwa. Mwongozaji anaandika makosa na kuyasoma mwishoni. Ukimkatiza mtoto kila sentensi, hatajua kamwe namna ya kujinasua akisahau.

Nafasi kubwa kila moja iwe na watu wawili. Kuna malaria, kuna kurudishwa nyumbani kufuata ada, kuna misiba. Yule wa pili mpe nafasi ndogo ili ahudhurie kila siku, na mara moja kwa wiki acheze ile kubwa.

Fundi Jukwaa
Meza za bwalo zinafaa, ila chagua za kimo kimoja. Tofauti ya sentimita mbili inatosha kumkwaza mtu. Funga miguu ya meza zinazogusana kwa mipira ya tyubu za tairi, kisha laza plywood ya milimita 18 na uipige skrubu. Ya milimita 6 inabonyea na inalia kila mtu akikanyaga. Mbao nane za futi 8 kwa 4 zinakupa jukwaa la futi 16 kwa 16, na waigizaji sita wanapishana vizuri. Ukingo wa mbele ubandike utepe mweupe.

Taa: nne za LED za wati 50, mbili kila upande, mbele ya jukwaa, juu ya vichwa, zikimulika kwa mshazari. Taa ikikaa utosini mwa mwigizaji, macho yanageuka mashimo. Ikitoka chini, kila mtu ni zimwi. Zote nne ni wati 200, soketi haizihisi hata kidogo. Kinachokata umeme ni birika la chai ya wageni lililochomekwa laini hiyo hiyo, maana hilo peke yake linaweza kula wati 2,000 na zaidi. Chai ichemshwe jikoni. Ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote, ikibaki imeviringwa huku imebebeshwa mzigo inapata moto.

Halafu msizime taa zote kati ya maonyesho. Giza totoro kwenye bwalo la wanafunzi ni mayowe dakika nzima. Punguzeni mwanga, ngoma ipigwe, kikundi kiimbe, na wabebaji wanne wabadilishe mandhari, kila mmoja vitu viwili tu na njia yake. Pimeni kwa saa. Ikizidi sekunde 30, rudieni.

Mwalimu wa Kwaya
Sauti hufia mwishoni mwa sentensi. Kwenye "sitaki kukuona hapa tena", hadhira ya nyuma inaishia "kukuona". Wasimamishe wawili wawili, mita 15 kati yao, wasemezane bila kupiga kelele mpaka neno la mwisho lifike. Mkitumia maikrofoni, spika ziwe mbele ya waigizaji na ziwape mgongo, la sivyo zitavuma. Mvua ikipiga bati hakuna sauti itakayoshinda: wafundishwe ishara moja, wagande walipo, kikundi kinaimba mpaka ipungue.

Mama Maleba
Unga wa ngano kichwani usitumike kuzeesha mtu, ukikutana na jasho unakuwa uji. Tumia poda. Kanga ishikwe kwa pini ndani, fundo litafunguka. Na usome jina la kanga kabla hujamvisha mtu, kwa sababu hadhira itasoma. Jina la mafumbo ya uke wenza kwa bibi mpole linabadilisha onesho zima.

Mlezi wa Maigizo
Asanteni. Naongeza kibao, yaani kofi la kuigiza, kwa kuwa ndipo watoto wanapoumizana. Mpigaji aipe hadhira mgongo nusu. Akinyoosha mkono, ncha za vidole zisifike usoni, ibaki shibiri. Watazamane, mpigwaji akikonyeza, ndipo mkono unapita mbele ya uso. Mlio anautoa mpigwaji mwenyewe kwa kupiga makofi tumboni, akiwa amefichwa na mwili wa mwenzake, kisha anashika shavu. Polepole, kwa hesabu ya tatu, mara ishirini, ndipo mwendo wa kawaida. Viti visipangwe kupita kona za jukwaa, wa pembeni wataona nafasi iliyo katikati.

Mwl. wa Fasihi
Na hotuba za mgeni rasmi ziwekwe baada ya igizo, tafadhali. Waigizaji waliokwisha kuvaa wakisubiri saa nzima nyuma ya pazia wanaingia wamepoa, na poda imeshashuka.