Sisi ni MADEREVA, hiyo "patna" mtuondolee

Wakuu habari za jioni. Naandika na hasira, kwa hiyo wenye roho nyepesi pitieni nyuzi zingine.

Mimi ni dereva wa gari za app hapa Dar, kampuni siitaji. Leo nawasha simu nakuta meseji, "Mpendwa patna, akaunti yako imesitishwa kwa muda." Abiria mmoja niliyemtoa Sinza kumpeleka Posta kalalamika, eti naendesha ovyo, na foleni ile ya Magomeni hata ungetaka kuendesha ovyo ungeendeshea wapi? Hakuna aliyeniuliza kilichotokea, nimeandika sapoti nikajibiwa na roboti kwa Kiswahili cha kuungaunga, "asante patna kwa kuwasiliana nasi". Mwenye gari yeye hataki kusikia habari za patna, jioni anataka hesabu yake.

Sasa patna ndo nani? Mtaani kwetu ukifungua duka na patna wako mnakaa chini mnapanga bei pamoja, faida mnagawana na hasara ikija inawauma wote. Hapa bei inapangwa na app, mi naiona kwenye skrini kama abiria anavyoiona. Kamisheni wanakata wao kwanza, abiria akilipa keshi naandikiwa deni, likizidi kiwango chao rikwesti haziingii tena mpaka nilipe. Mafuta yangu, tairi zangu, faini za trafiki zangu. Patna wa kwenye mapato, gereji simuoni!

Na Kiingereza chenyewe kina neno "driver", mtoto wa chekechea analijua, mtu anayeendesha gari, basi. Wanalikwepa makusudi, au wanalibandika "partner" mbele, kwa sababu ukishasema dereva swali linalofuata ni dereva wa nani, na hapo ndo hawataki kufika.

Uingereza madereva hawakukubali huu ujinga. Kina Yaseen Aslam na James Farrar waliipeleka Uber mahakama ya kazi London, mwaka 2016 mahakama ikasema hiyo hoja kwamba London kuna vibiashara 30,000 vinavyojitegemea vimeunganishwa tu na app ni kichekesho. Uber wakakata rufaa weee mpaka Mahakama ya Juu, tarehe 19 Februari 2021 wakapigwa tena. Majaji walisoma mkataba, ila hawakuishia kwenye majina yaliyoandikwa mle, waliangalia nani anapanga nauli, nani anaweka masharti, nani anakubana ukikataa rikwesti, na hizo nyota za abiria zinatumika kukufanya nini. Wakasema hawa ni "workers", wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Kule "worker" kisheria yuko katikati, sio mwajiriwa kamili na sio mtu aliyejiajiri.

Mtasema hiyo ni Ulaya. Haya, fungueni Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ya hapa hapa Tanzania, kifungu cha 61. Inataja vigezo kadhaa, ikiwemo kufanya kazi chini ya udhibiti wa mtu mwingine, au kumtegemea kiuchumi, na hata kimoja tu kikiwepo unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtu anayeweza kunizimia riziki kwa kubonyeza kitufe hanidhibiti?

Najua wajuaji watakuja na "si unazima app muda wowote unaotaka". Nazima ndiyo, halafu nile nini? Na huo upatna tuliuona 2022, LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, waliposhusha kikomo cha kamisheni mpaka asilimia 15 Uber wakasimamisha huduma, wakarudi 2023 kikomo kilipopandishwa hadi 25. Patna kasepa, wewe umebaki na mkopo wa gari na app isiyoita.

Naomba kuuliza kwa wanasheria mliomo humu, kuna dereva wa app yeyote aliyewahi kupeleka hili CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi? Ukisimamishwa bila kusikilizwa unaanzia wapi, na mkataba wenyewe ni ule wa kubonyeza "nakubali" kwenye simu? Skrinshoti za makato na hiyo meseji ya leo ninazo zote. Na wale mliofungiwa kama mimi njooni PM, mmoja mmoja hawatatusikia hawa.