Kadi ya benki ya Uingereza inakwisha muda nami niko Malindi: njia ipi ya kupata mpya?

Mama Rukia, Muyeye

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nilifanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka 23, na sasa nimerudi Malindi moja kwa moja. Pensheni yangu bado inaingia katika akaunti ya kule, na kadi ya akaunti hiyo inakwisha muda mwezi wa Oktoba. Nashukuru kwamba kadi hufanya kazi hadi siku ya mwisho ya mwezi ulioandikwa, kwa hiyo nina nafasi ya kujipanga. Naomba tulinganishe njia kwa makini, kwa sababu mara iliyopita niliteseka.

Mwaka jana nilipoteza kadi, nikaiarifu benki, nao wakanitumia nyingine kwa barua ya kawaida hadi kwenye sanduku langu la posta, Malindi 80200. Wiki 5 zilipita bila chochote. Nikapiga simu tena, ofisa akanihurumia na kusema atatuma nyingine siku hiyo hiyo. Siku 9 baadaye nilifungua sanduku nikakuta bahasha nyeupe, pembe moja imekunjika, na ndani yake kadi imegandishwa kwenye karatasi kwa gundi. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kutolea pesa, nayo ikaikataa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuagiza kadi ya pili kulikuwa kumefuta namba ya kwanza. Kadi niliyoisubiri kwa hamu ilikuwa imekufa kabla haijanifikia. Ile ya pili ilikuja baada ya wiki 7 nyingine, na katika muda huo wote dawa zangu za presha nilizichukua kwa mkopo katika duka la jirani, mtu mwema ambaye hakuniuliza hata mara moja nitalipa lini.

Sasa nafikiria njia 3: barua ya kawaida kama awali, kampuni ya vifurushi kwa malipo, au binti yangu aliye Leeds aipokee kisha anitumie. Ninyi mmefanyaje?

Nahodha wa Mkomani, Lamu

Wa alaykumu salaam, Bi mkubwa, na pole kwa yaliyokupata. Mimi nilikuwa baharia wa meli za mizigo, na akaunti yangu iko Uingereza vilevile. Barua ya kawaida niliiacha zamani, kwa sababu haina namba ya kufuatilia: hujui kama bahasha iko London, Nairobi, au imewekwa katika sanduku la mtu mwingine. Ikichelewa huna unachoweza kufanya ila kuagiza nyingine, na hapo ndipo unapoingia katika mkasa uliousimulia.

Kampuni ya vifurushi ndiyo njia yangu, ila ina sharti ambalo sisi wa pwani lazima tulielewe. Kampuni hizi hazipeleki kitu kwenye sanduku la posta. Zinataka mahali penyewe na namba ya simu inayopatikana. Benki nayo, upande wake, ina fomu inayodai namba ya nyumba na jina la barabara. Lamu mjini vichochoro vyetu havina namba wala majina yaliyoandikwa, na mzigo huletwa kwa punda au kwa mkokoteni. Mara ya kwanza nilijaza jina la mtaa tu, na kifurushi kikarudishwa kikiwa na maandishi kwamba anwani haikupatikana. Mara ya pili nilimwomba ofisa wa benki aandike mstari wa kwanza jina la msikiti ulio karibu nami, mstari wa pili mtaa wa Mkomani, na mstari wa tatu namba yangu ya simu ikianzia na +254. Ile simu ndiyo iliyoniokoa, kwa kuwa mletaji hasomi anwani, anapiga simu.

Jambo jingine ni kipande cha mwisho cha safari. Kadi yangu ilitoka London hadi Mombasa kwa siku 4. Kutoka Mombasa hadi mlangoni kwangu ilichukua siku 6, kwa basi hadi Mokowe na kisha kwa boti, ikingoja kila mahali. Tangu hapo naagiza ibaki katika ofisi ya kampuni Mombasa, naifuata mwenyewe kwa basi. Wewe wa Malindi una kama kilomita 120 tu hadi Mombasa, unakwenda asubuhi na kurudi jioni.

Binti wa Duka, Malindi

Dada Mama Rukia, mimi niliishi Italia na benki yangu ya kule haitumi kadi nje ya nchi kabisa, hata nikikubali kulipia. Kwa hiyo njia ya jamaa kwangu ndiyo njia pekee, na nimeitumia mara 3 bila kupoteza kitu. Dada yangu huipokea Bergamo, kisha hungoja msafiri anayekuja Malindi, na Malindi wasafiri wa kutoka Italia hawakosekani. Anayebeba ni lazima awe mtu tunayemjua kwa jina na kwa nyumba, kwa sababu hii ni amana.

Tuna masharti yetu. Kadi husafiri ikiwa bado haijawashwa, namba ya siri haisafiri na kadi, na hakuna picha ya kadi inayotumwa kwa simu, si mbele wala nyuma. Zile tarakimu 3 za nyuma zikionekana pamoja na zile 16 za mbele, mtu anaweza kununua vitu mtandaoni bila hata kuigusa kadi yenyewe. Nimewaona watu wakipiga picha na kuituma katika kundi la familia ili kuthibitisha kwamba kadi imefika, na hili naliomba kwa dhati lisifanywe.

Angalieni pia aina ya kadi. Yangu ilikuwa Maestro, na tangu Julai 2023 Mastercard haitoi tena kadi mpya za Maestro barani Ulaya, hivyo niliyoletewa ilikuwa aina nyingine yenye namba mpya. Malipo yangu yote ya kila mwezi yaliyofungwa na namba ya zamani yakakwama, nami nikadhani kadi ni mbovu.

Maalim, Langoni

Namheshimu Binti wa Duka na sharti zake ni nzuri, lakini kuna jambo la anwani ambalo halijasemwa. Mama Rukia, je, benki yako inajua kwamba unaishi Malindi? Kama katika kumbukumbu zao bado umeandikwa Leeds kwa binti yako, basi njia ya jamaa itakuwa rahisi leo na itakuletea shida kesho. Mikataba ya akaunti humtaka mteja aeleze anakoishi, tena anakoishi kweli, na benki huona kwamba kila siku unaingia katika programu yao ukiwa Kenya. Siku wakiifunga kadi kwa tahadhari watakuuliza maswali, na jibu litakuwa gumu kwa mtu mwaminifu.

Najua hofu iliyopo. Zipo benki za Uingereza ambazo hufunga akaunti ya mtu akishasema amehama, na zipo zinazomruhusu abaki nayo na kuweka anwani ya barua ya nje. Kwa maoni yangu ni heri kuijua benki yako iko upande gani wakati kadi ya zamani bado inafanya kazi, kuliko kuijua wakati pensheni ya miezi 3 imekaa ndani na huna pa kuitolea. Tena bahasha nyingi za kadi huandikwa nje kwamba zisielekezwe kwingine, zirudishwe kwa benki, kwa hiyo hata yule anayetegemea posta ya kule imhamishie barua zake anaweza kuikosa kadi.

Vilevile, kama sehemu ya pensheni yako ni ile ya serikali ya Uingereza, unaweza kuomba ilipwe moja kwa moja katika benki ya Kenya. Wengi wanaogopa kwamba wakifanya hivyo nyongeza ya kila mwaka itakatwa. Nyongeza hiyo haitolewi kwa wanaoishi Kenya, iwe pesa inapokewa Uingereza au hapa, kwa sababu kinachoangaliwa ni makazi na si benki. Ila fomu ya kuthibitisha kwamba u hai ikiletwa, ijaze na uirudishe haraka, kwa maana isiporudi malipo husimamishwa.

Fundi wa Simu, Barani

Shikamoo Mama Rukia, na wazee wote. Ninyi mnazungumzia bahasha, nami nawaletea jambo linaloniletea wateja kila wiki: laini ya simu ya kule. Karibu kila hatua, yaani kuagiza kadi, kubadilisha anwani, kuiwasha kadi au kuona namba ya siri, benki hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini uliyojiandikisha nayo. Laini ikiwa imekufa, umefungiwa nje ya nyumba yako. Mitandao mingi ya Uingereza hukata laini ya malipo ya kabla isipotumiwa kwa siku 180 hivi. Namjua mzee mmoja wa Watamu ambaye kadi ilimfikia salama mkononi, akakaa nayo miezi 2 bila kuweza kuiwasha kwa sababu ya laini tu. Kwa hiyo leo hii, kabla ya kitu kingine, itie laini ile katika simu, tuma ujumbe mmoja, na uangalie kama inapokea.

Jambo la pili, ingia katika programu ya benki uone kama inatoa kadi ya ndani ya simu kabla ile ya plastiki haijafika. Benki kadhaa siku hizi zinafanya hivyo, na unaweza kulipa kwa kuigusisha simu kwenye mashine ya supamaketi. Haitakutolea pesa taslimu, lakini chakula kitapatikana.

Jambo la tatu ni M-Pesa. Wise, WorldRemit na Western Union zote hupeleka pesa kutoka akaunti ya Uingereza hadi M-Pesa, nawe ndiye mtumaji na ndiye mpokeaji. Kadi ya plastiki haihitajiki kama programu ya benki inafungua na malipo yanatoka kwenye akaunti yenyewe. Salio la M-Pesa lina mwisho wa shilingi 500,000, na muamala mmoja shilingi 250,000, ambazo kwa matumizi ya nyumbani zinatosha. Na anayetaka kulipa mtandaoni wakati anangoja anaweza kutengeneza kadi ya GlobalPay ndani ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2022.

Mama Rukia, Muyeye

Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Laini nimeitia sasa hivi, na nimefurahi kuona ujumbe umefika. Maalim, umenigusa. Benki yangu bado inaamini niko Leeds, nami nilikuwa nikijiambia kwamba nitawaeleza baadaye. Nitawaeleza.

Nina swali moja. Niliwahi kusikia kwamba Visa na Mastercard hutoa kadi ya dharura popote duniani. Kwa nini hamkuitaja?

Nahodha wa Mkomani, Lamu

Ipo, na niliwahi kuletewa nilipoibiwa mkoba bandarini. Unapiga simu kwao, wao huuliza benki yako, na benki ikikubali hutengenezewa kadi ambayo hutumwa kwa haraka, kwa kawaida ndani ya siku chache. Lakini imekusudiwa kwa aliyepoteza au kuibiwa, si kwa ambaye kadi yake inakwisha muda. Tena ni ya muda tu, na aghalabu haina namba ya siri, kwa hiyo hutumika hotelini wala haikufai kwenye mashine ya kutolea pesa. Nilikuwa Lamu nayo, na niliyemhitaji alikuwa mwenye duka la samaki, ambaye anapokea taslimu na M-Pesa. Ukipata dharura ya kweli, uliza badala yake pesa taslimu za dharura, ambazo huduma hizo hizo huzitoa.

Mama Rukia, Muyeye

Basi nimeamua. Jumatatu saa 5 asubuhi ya huku, ambayo ni saa 3 ya kule kabla saa zao hazijarudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, nitapiga simu benki. Nitaanza na anwani, kisha niombe kampuni ya vifurushi hata kama wananitoza, kadi ibaki Mombasa hadi nitakapoifuata. Binti yangu hatahusishwa isipokuwa benki ikatae kabisa kutuma nje. Wakati wa kungoja nitajitumia pesa kwa M-Pesa, na jirani yangu wa duka la dawa nitamlipa papo hapo safari hii.

Nahodha wa Mkomani, Lamu

Vizuri, Bi mkubwa. Nakuongezea jambo moja la kuwaambia Jumatatu: kifurushi kiandikwe majina yako yote kama yalivyo katika kitambulisho. Benki zao huandika herufi moja na jina la ukoo, na karani wa Mombasa hulinganisha jina na kitambulisho neno kwa neno. Mimi nilirudishwa dirishani, ikabidi nilale Mombasa mpaka benki ilipotuma barua pepe kesho yake. Na ukishaipata, iingize kwanza kwenye mashine ya kutolea pesa kwa namba ya siri kabla ya kujaribu kulipa kwa kuigusisha, kwa sababu kadi mpya nyingi hazikubali kugusishwa mpaka zitumiwe hivyo mara moja.